Punje ya Saba

Mabela, saa nane za usiku, kiyoyozi kinakoroma,
nimerudi kutoka Barka na ngazi juu ya gari,
mikono inanuka plastiki iliyoungua.
Miaka ishirini na miwili navisha nyumba za watu taa za harusi,
kutoka ukingo wa paa hadi getini:
nyeupe kwa wenye haya, kijani kwa wenye fujo,
na Novemba, nchi nzima ikitaka rangi zile tatu,
silali.

Mlango wa Raudha uko wazi.
Amekaa chini, magoti kidevuni,
mbele ya sanduku lenye ubavu wa kioo.
Miezi saba amelinunua kipande kipande:
feni Ruwi, ubao mama Dubai kwa mkono wa binamu yake Harith,
kumbukumbu mbili kwa pesa za Idi.
Leo limewaka.
Limewaka, ila taa zake hazielewani.
Feni za mbele buluu. Za juu zinakimbiza upinde wa mvua.
Kumbukumbu zinapumua nyekundu, polepole, kama mgonjwa.

"Baba, kila kampuni imekuja na programu yake,
na kila programu inataka kuamuru peke yake."
Fahali wawili, nikasema, zizi moja.
"Hawa wanne," akasema,
akafuta watatu kwa kidole, bila huruma.

Buluu ikahama. Ikapanda.
Kumbukumbu zikatii, kadi ya picha ikatii,
kipoza maji kikazungusha buluu yake
kama chai inayokorogwa,
isipokuwa utepe wa chini:
punje sita, halafu giza.

Mimi taa nazijua kwa maneno mawili, washa na zima.
Akanieleza taratibu, kama anayempoozea mtu uji.
Waya huu unaleta umeme, ule unaurudisha,
huu wa katikati haubebi umeme wa kuwasha, unabeba neno.
"Punje ya kwanza inapokea amri zote,
inachukua yake, zilizobaki inampa jirani.
Jirani naye vivyo hivyo, mpaka mwisho wa mstari."
Na mmoja akifa?
"Akifa, walio nyuma yake hawasikii kitu."

Tangu dada yangu Ghanima afariki
habari za Wete sizipati.
Sikuwahi kujua kwamba zote zilipitia kwake.

Nikaenda garini kuchukua chuma cha kuchomea risasi.
Niliporudi nikaushika utepe, nikatafuta pa kuuchomeka, akanidaka mkono.
"Sio hapo! Pini tatu ni volti tano.
Hapo pa pini nne ni kumi na mbili,
utaziunguza zote kabla hujamaliza bismillahi."
Mtoto huyu nilimchapa akiwa na miaka minne
kwa kugusa soketi.

Punje ya saba nikaikata,
ndogo kuliko ukucha wa kidole chake cha mwisho enzi zile,
nikaunga sita kwa nane.
Moshi mwembamba. Raudha ameshika tochi ya simu,
hapumui.

Akawasha.
Buluu ikaja, moja, mbili, tatu,
ikafika sita, ikasita,
au ni mimi niliyesita,
ikavuka.

Akazigeuza zote nyeupe.
Nyeupe ile ile, ya wenye haya.
Chumba kizima kikawa kama ukumbi unaosubiri watu.

Zayana akatokea mlangoni, ushungi begani, jicho moja limefumba:
"Nani anaolewa humu ndani saa tisa za usiku?"
Raudha akacheka mpaka akalala sakafuni.
Mimi nilicheka kidogo tu,
nikaenda kunawa.

Barazani kwangu kuna balbu moja, ya njano,
na hata hiyo naibadilisha ikishaungua wiki mbili.

Punje imebaki mfukoni mwa kanzu.
Kwenye taa nyekundu, njia ya Barka,
naibonyeza kwa kidole gumba.
Zayana ataikuta siku ya kufua.
Ataniuliza ni kijiwe gani hiki,
na mimi sijui nitaanzia wapi.